“To” au “-ing”? Ku- moja ya Kiswahili, njia mbili za Kiingereza

Kijana aliingia saiba saa tano asubuhi, fleshi mkononi, akitaka nimchapie barua ya kuomba kazi. Saiba yangu, duka la kompyuta na uchapaji, iko Kisumu, upande wa Kibuye, na barua za kuomba kazi ndizo zinazonilipia umeme. Nikaifungua. Mstari wa mwisho ulikuwa ule ule ninaouona karibu kila siku: “I look forward to hear from you.” Nikagonga herufi tatu, “hear” ikawa “hearing”, nikachapa.

Alisoma, akanirudishia karatasi. “Dada, hapa umeniharibia. Baada ya ‘to’ kitenzi kinakaa kitupu. Hiyo ni ya darasa la tano.”

“Omera,” nikamwambia, “darasa la tano walikufundisha ‘to’ moja. Ziko mbili.”

Hakuniamini, na simlaumu. Mimi mwenyewe nilifundisha Kiingereza sekondari miaka miwili kwa mkataba wa BOM, yaani bodi ya shule, kabla ya kufungua saiba, na bado nilichapa kadi mia mbili za harusi zilizoandikwa “We look forward to celebrate with you.” Aliyegundua ni shemeji wa bwana harusi, kadi zikiwa zimeshagawanywa mpaka Ahero. Nilirudisha nusu ya pesa. Tangu hapo nimekuwa nikiyaweka maumbo haya mawili, kitenzi chenye “to” na kitenzi chenye -ing, bega kwa bega na kujiuliza lipi liende wapi.

Tunapokosea

Kosa lenyewe tunalibeba kutoka nyumbani. Sikiliza Kiswahili: nataka kusoma, kabla ya kusoma, bila kusoma, kwa kusoma, nimechoka na kusoma. Ku- ni ile ile; haiulizi imetanguliwa na nini. Mbukusu ana khu- yake inayofanya kazi hizo hizo. Mjaluo akisema “chiemo” unaweza kusikia kula, unaweza kusikia chakula, na hakuna anayeshtuka.

Walimu wa sarufi huiita ku- hiyo kitenzi-jina, kwa kuwa imebeba sura mbili kwa pamoja. Ni kitenzi, maana inachukua shamirisho: kusoma gazeti. Ni jina pia, maana maneno mengine yanaifuata kwa upatanisho wake: kusoma kwake kunanifurahisha. Kiingereza kilizitenga sura hizo, kwa sehemu kubwa. Panapotakiwa jina, huja -ing. Penye kitenzi kinachosukuma kitenzi kingine, mara nyingi huja “to”. Kwa hiyo kila unapokuwa na ku- kichwani na Kiingereza mdomoni, umefika njia panda, na Kiswahili hakikukuwekea kibao.

Baada ya kihusishi

Upande huu ni mwepesi, nitaupita haraka. Kihusishi cha Kiingereza kinataka jina nyuma yake, basi kitenzi kikikaa hapo lazima kivae -ing. In, on, at, of, for, from, by, with, without, about, before, after, instead of, despite: vyote vinadai hivyo hivyo. Haya hapa ni yale ninayoyasahihisha kila wiki, lililoletwa kwanza, linalofaa baadaye:

“I am interested to work in your hotel.” Iwe: “I am interested in working in your hotel.”

“I was responsible to manage three waiters.” Iwe: “I was responsible for managing three waiters.”

“I have experience to handle cash.” Iwe: “I have experience in handling cash.”

“He left without to say anything.” Iwe: “He left without saying anything.”

Mtu akitendwa badala ya kutenda, -ing inahamia kwenye “be”: “without being seen”, bila kuonekana. Tendo likiwa limeshapita na unataka kulisisitiza, inahamia kwenye “have”: “He denied any knowledge of having signed the letter.” Mtihani unapenda hizi. Katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya, sarufi ina alama 15 kwenye karatasi ya pili ya Kiingereza, na kubadilisha sentensi kwa kuanza na “Instead of…” au “Despite…” ni mtego wa kawaida.

Kabla na baada zina jambo lao. “Before” inaweza kufuatwa na -ing au na sentensi nzima, kama vile Kiswahili kinavyokupa “kabla ya kuondoka” na “kabla sijaondoka”. “Before leaving” na “before I left” zote sahihi. Uchague ipi? Mtendaji akiwa mmoja, -ing ni fupi na safi. Watendaji wakiwa wawili, usiiguse. Niliwahi kuandika kwenye ujumbe wa simu kwa mwenye nyumba: “After closing the shop, the rain came in through the roof.” Kwa Kiingereza nilikuwa nimemwambia kwamba mvua ndiyo iliyofunga duka. Ilipaswa kuwa “After I closed the shop”. Alinielewa, lakini paa alilitengeneza miezi miwili baadaye, na sijui kama sarufi ilichangia.

To mbili

Hapa ndipo yule kijana aliponasa, na ndipo kadi zangu za harusi zilipozama. “To” ya kwanza ni alama ya kitenzi tu, haina uzito wake: “I want to go.” “To” ya pili ni kihusishi kamili, sawa na “in” na “for”, na inadai -ing: “I look forward to going.” Zinaandikwa sawa, zinatamkwa sawa. Macho hayawezi kuzitofautisha.

Ukitaka kujua zilikotoka, zilikuwa moja. Katika Kiingereza cha kale, kabla ya mwaka 1100 hivi, “to” ilikuwa kihusishi kila mahali, na kitenzi kilichoifuata kilivaa tamati ya jina: kunywa kukiwa “drincan”, baada ya “to” kukawa “to drincenne”. Tamati zile zikalika karne baada ya karne mpaka kitenzi kikabaki uchi baada ya “to”, na “to” yenyewe ikasahau kwamba ni kihusishi. Nayo -ing ilianza maisha kama kiambishi cha kutengenezea majina, kikiandikwa -ung au -ing. Kwa hiyo darasa la tano hawakudanganya. Walimwachia kijana nusu ya hadithi.

Jaribio ninalolitumia ni hili. Futa kitenzi, weka “it” mahali pake. “I look forward to it.” Inasimama. “I want to it.” Inaanguka. Ikisimama, “to” ni kihusishi na kitenzi kivae -ing. Ikianguka, kitenzi kibaki kitupu. Pitisha maneno ya barua za kazi kwenye jaribio hilo: “I am committed to it” inasimama, basi “I am committed to serving customers.” “I am able to it” inaanguka, basi “I am able to serve customers.” “I object to it” inasimama, basi “I object to working on Sundays”, ingawa hiyo usiiandike kwenye barua ya kwanza.

Familia ya “to” ya kihusishi si kubwa, na inafaa kuijua kwa majina: look forward to, object to, opposed to, committed to, dedicated to, accustomed to, used to, confess to, resort to, close to, prior to, in addition to, with a view to, when it comes to. Mbili kati ya hizo ni dhahabu kwenye barua. “Prior to joining the company, I…” na “In addition to speaking Dholuo and Kiswahili, I…” Ya pili humfaa mtu wa Kisumu kuliko sifa nyingi anazojipa za kuwa mchapakazi na mwenye bidii.

Jaribio lina mashimo mawili, afadhali uyajue. Shimo la kwanza ni “agree”. “I agreed to it” inasimama vizuri, lakini tunasema “I agreed to pay”. Hilo kariri tu. Shimo la pili ni vitenzi vya mwendo. “I went to it” inasimama kama “it” ni soko, lakini “I went to buy tomatoes” haihitaji -ing. Hapo tumia jaribio la pili: weka “in order” kabla ya “to”. “I went in order to buy tomatoes” inaleta maana, basi ni to ya kusudi na kitenzi kinabaki kitupu. “I look forward in order to hear” ni upuuzi, basi si hiyo.

Used to, mara tatu

Nilizaliwa Nakuru, nimeolewa Kisumu. Nakuru iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Kisumu, hapa kando ya ziwa, haifiki mita 1,200. Mtu wa sweta alihamia nchi ya feni, na sentensi za maisha yangu zimeangukia kwenye maneno haya mawili.

“I used to live in Nakuru.” Niliishi Nakuru zamani, sasa siishi. Kitenzi kitupu.

“I am used to living in Kisumu.” Nimezoea kuishi Kisumu. -ing.

Tofauti nzima imekaa kwenye “am”. Ikiwepo “am, is, was, got”, maana ni mazoea na kitenzi kinavaa -ing. Isipokuwepo, maana ni zamani zilizopita. Jaribio linakubali: “I am used to it” inasimama; “I used to it” inaanguka. Anayeandika “I am used to work under pressure” amechanganya sentensi mbili, na mwajiri haelewi kama kuchapa kazi ni jambo la leo au la jana.

Tena kuna ya tatu, yenye “is” na bado kitenzi kitupu: “This machine is used to print photos.” Mashine hii hutumika kuchapa picha. Sasa weka mtu: “This woman is used to printing photos.” Mwanamke huyu amezoea kuchapa picha. Kwa hiyo uliza kwanza: kinachozungumziwa kinatumiwa, au kimezoea? Mashine haizoei. (Printa yangu nayo imezoea kula karatasi, lakini hiyo ni lawama, siyo sarufi.)

Zote sahihi, maana mbili

Kuna mahali ambapo njia zote mbili zinapitika ila zinakupeleka miji tofauti. “Afraid” ni mfano mzuri. Simama kando ya barabara kuu pale Kondele wakati wa jioni, bodaboda zikija kutoka pande ambazo hata hukuzijua. “I was afraid to cross the road.” Niliogopa kuvuka: sikutaka kuvuka, miguu ilikataa. “I was afraid of being knocked down.” Niliogopa kugongwa: hilo si jambo ninalolichagua, ni jambo linaloweza kunipata. Kwa Kiswahili zote ni “niliogopa ku-”. Kwa Kiingereza, unachokikwepa kwa hiari kinachukua “to”, na balaa inayoweza kukuangukia inachukua “of” na -ing. Huwezi kusema “I was afraid to be knocked down” ukasikika vizuri, maana inakuwa kama ulialikwa ugongwe ukakataa.

“Stop” haina kihusishi, lakini inaishi jirani. “She stopped buying fish” ni aliacha kununua samaki. “She stopped to buy fish” ni alisimama ili anunue samaki. Hapa Kiswahili kimetuzidi akili: kinabadilisha kitenzi cha kwanza, acha au simama, na ku- inakaa pale pale. “Remember” vilevile: “I remembered to lock the door” ni sikusahau, nikafunga, “I remember locking the door” ni ninakumbuka nikifunga, picha iko kichwani. Ile -ki- ya “nikifunga” inakaribia sana -ing hii, na nikimwambia mteja hivyo huelewa mara moja.

Maana moja, milango miwili

Mahali pengine maana ni moja, na unachochagua ni mlango. Hatari ni kuingia mlango wa mmoja na kutokea wa mwingine.

“Able to do” na “capable of doing”. Kwenye barua mimi huchagua “able to”, ni fupi na haijivuni. “Capable of” naiachia uwezo ambao bado haujaonekana, au uovu: “He is capable of stealing.” Chotara wao, “capable to do”, namfuta bila kuuliza.

“Manage to do” na “succeed in doing”. “I managed to reach Busia before dark” ina jasho ndani yake, nilihangaika nikafika. “I succeeded in reaching” ni rasmi zaidi. Kwa mazungumzo, ya kwanza kila mara.

“Allow” na “prevent” ni jozi ya kinyume, na Kiswahili kinazifanya zionekane pacha: alituruhusu kuingia, alituzuia kuingia. Kiingereza kinaruhusu kwa “to” na kuzuia kwa “from”: “He allowed us to enter”, “He prevented us from entering”. Ukikumbuka kwamba “from” ni kumtoa mtu kwenye jambo, hutazichanganya.

“For” ya kila mtu

Kama “look forward to” ni kosa la barua, “for” ni kosa la mdomo. “I have come for to collect my certificate.” Au, kwa aliyesikia habari za -ing nusu nusu, “I have come for collecting my certificate.” Chanzo ni “kwa ajili ya kuchukua”. Sentensi tatu zinatosha kuipanga, na zote nazipata nikienda kununua samaki Dunga:

“I went to Dunga to buy fish.” Mtu na kusudi lake: “to”, bila “for”.

“This basin is for washing fish.” Chombo na kazi yake: “for” na -ing.

“My mother-in-law scolded me for buying small fish.” Sababu ya kulaumiwa: “for” na -ing. Kushukuru na kuomba radhi vinafuata njia hiyo hiyo: “Thank you for coming”, “I apologise for being late”.

Mama mkwe wangu, kwa haki yake, alisema kwa Dholuo, na alisema mengi zaidi ya hayo.

Waasi

Nimesema kihusishi kinadai -ing. “But” na “except”, zikiwa na maana ya “isipokuwa”, hazidai. “He did nothing but complain.” “She does everything except cook.” Zinafuata “do” iliyotangulia, kitenzi kinabaki kitupu kabisa, hata “to” hakina. Na “about” inaasi ikikaa na “be”: “I am about to close” ni niko karibu kufunga, huku “I am thinking about closing” ni ninawaza kufunga. Ya kwanza nawaambia wateja saa mbili usiku. Ya pili najiambia mwenyewe ankara ya umeme ikija.

Yule kijana alirudi Alhamisi na barua ya pili, ya hoteli nyingine. Alikuwa ameiandika mwenyewe kwa simu. Mstari wa mwisho ulisema “I look forward to hearing from you”, safi. Lakini mstari wa kwanza ulisema “I would like to applying for the position of waiter”, na wa nne “I am able to working at night”.

Sikugusa kibodi. Nilimgeuzia skrini.

Akaanza kunong’ona. “I am able to it.” Akatikisa kichwa. “Inaanguka.” Akafuta -ing. Akapanda juu: “I would like to it.” Akacheka peke yake, akafuta na hiyo, akashuka polepole mpaka chini kabisa, kidole kikisimama kwenye kila “to”. Wateja wawili walikuwa wanasubiri nyuma yake. Alipomaliza aliweka shilingi kumi juu ya kaunta, akasema, “Sasa chapa, Mwalimu.”